Mwongozo kamili: kusimamia masasisho ya Ubuntu kwa amri, kwa ofisi na maabara zenye bando dogo

Kila wiki napokea ujumbe uleule, leo kutoka Mwanjelwa, kesho Mafinga au Makambako: "Fundi, nimeweka unattended-upgrades kama ulivyoelekeza, lakini kompyuta hazijisasishi." Nikifika naikuta programu hiyo ya kusasisha Ubuntu bila mtu kukaa mbele yake ipo, imewashwa, na imekaa kimya miezi mitatu.

Kuiweka ni kazi ya amri moja. Watu wanakwama kwingine: saa ya kompyuta, aina ya intaneti wanayotumia, na kutofungua daftari la kumbukumbu (log) kuona kilichotokea. Kwa hiyo hapa nimekaa zaidi kwenye hayo.

Mifano yangu ni ya maabara ya shule moja ya sekondari upande wa Uyole, Mbeya, yenye kompyuta 12, na steshenari moja ya Kabwe yenye kompyuta 5. Zote zinatumia Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux.

## Andaa haya kwanza

- Kompyuta moja itakayokuwa "mama". Si lazima iwe na nguvu, ila iwe na nafasi ya GB 20 au zaidi kwenye diski, na iwe imewashwa muda ambao nyingine zinafanya kazi.
- Ruta au swichi inayoziunganisha zote kwenye mtandao mmoja wa ndani.
- Akaunti yenye ruhusa ya sudo, yaani ya msimamizi, kwenye kila kompyuta. Nenosiri lisiwe lile lililobandikwa ukutani.
- UPS, walau ya kompyuta mama.
- Nakala ya kazi za watu kwenye flashi au diski ya nje. Usianze bila hii.

## Hatua ya 1: Kagua toleo na saa

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kisha:

```
lsb_release -a
timedatectl
```

Amri ya kwanza inakuonyesha toleo. Ubuntu 22.04 inapata masasisho ya kawaida bila malipo hadi 2027, na 24.04 hadi 2029. Ukikuta 18.04 au 20.04, muda wake wa kawaida umekwisha: 18.04 mwaka 2023 na 20.04 mwaka 2025. Hapo panga kupandisha toleo kwanza, la sivyo utakuwa unachota kisimani pasipo na maji.

Amri ya pili ni ya saa, na hapa ndipo kompyuta za mtumba zinapotuangusha. Betri ndogo ya bodi, ile CR2032 ya duara kama shilingi, ikiisha, kompyuta haihesabu muda ikiwa imezimwa. Pale Uyole walizima Ijumaa jioni, wakawasha Jumatatu asubuhi, na mashine nne zikaamini bado ni Ijumaa. Zikaomba orodha ya masasisho, zikakuta imesainiwa Jumapili, siku ambayo kwao haijafika. Zikaikataa:

```
E: Release file for ... is not valid yet (invalid for another 2d ...)
```

Mwalimu alishaanza kudhani ruta imeharibika. Tulibadilisha betri nne, kisha kwenye kila mashine:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true
```

Ukifanikiwa, `timedatectl` itaonyesha saa sahihi na maneno `System clock synchronized: yes`. Usiende hatua ya pili kabla hujayaona kwenye kila kompyuta.

## Hatua ya 2: Andaa kompyuta mama

Tuseme masasisho ya mwezi ni MB 400. Kompyuta 12 zikishusha kila moja kivyake, ni MB 4,800, karibu GB 5. Zikipitia kompyuta mama, faili inashushwa mara moja tu kutoka intaneti, nyingine 11 zinaichukua kwa mama kupitia kebo ya ndani. Bando linapumua.

Programu ya kazi hiyo ni apt-cacher-ng:

```
sudo apt update
sudo apt install apt-cacher-ng
```

Wakati wa kuiweka itakuuliza kama iruhusu mifereji ya HTTP kupita ndani yake. Jibu hapana. Ukijibu ndiyo, mtu yeyote wa mtandao wa ndani anaweza kuitumia kama njia ya kutokea nje.

Sasa jua anwani ya mama:

```
hostname -I
```

Mfano wangu ni 192.168.1.10. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uifungie mama anwani hiyo isibadilike. Wengi wanaruka hapa. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inagawa anwani upya, mama anapata nyingine, na watoto wote wanabaki wanagonga mlango wa nyumba aliyokwisha kuhama.

Kama ukuta wa moto wa ufw umewashwa, fungua mlango 3142 kwa mtandao wa ndani pekee:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 3142 proto tcp
```

Ukifanikiwa, ukiandika `http://192.168.1.10:3142/acng-report.html` kwenye kivinjari cha kompyuta nyingine, ukurasa wa takwimu za apt-cacher-ng utafunguka.

## Hatua ya 3: Waelekeze watoto kwa mama

Kwenye kila kompyuta, mama mwenyewe akiwemo, tengeneza faili hii:

```
sudo nano /etc/apt/apt.conf.d/00proxy
```

Ndani yake andika:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";
```

Usisahau nukta-mkato mwishoni mwa kila mstari. Ikikosekana, amri zote za apt (programu ya Ubuntu ya kuweka na kusasisha programu) zinagoma na kulalamika kuhusu faili hii.

Mstari wa pili unahitaji maelezo. Hazina za Ubuntu zenyewe, yaani seva zinakotoka programu, hutumia http ya kawaida, na usalama wake unatokana na saini inayokaguliwa kila mara. Lakini programu nyingine ulizoongeza mwenyewe huja kwa https, ambayo mama hawezi kuihifadhi, na kwa kuwa tumekataa mifereji, ataikataa. Mstari huo unaziambia ziende moja kwa moja nje.

Onyo kwa wenye kompyuta mpakato: ukiondoka nayo kwenda nyumbani, mama hapatikani, na apt itashindwa kuunganika na 192.168.1.10. Mashine zinazotembea usiziwekee faili hii.

Kupima, kwenye mama acha amri hii ikiendelea:

```
sudo tail -f /var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.log
```

Kisha kwenye mtoto mmoja endesha `sudo apt update`. Kwenye daftari la mama itaanza kuteremka mistari. Yenye herufi I ni data iliyoingia kutoka intaneti, yenye O ni iliyotoka kwenda kwa watoto. Rudia kwa mtoto wa pili: O zitakuwa nyingi, I chache. Mwite mwenye ofisi aone mwenyewe, maana ndiye anayelipia bando.

## Hatua ya 4: Sasisha kwa mkono mara ya kwanza

Kompyuta iliyokaa mwaka bila kusasishwa usiikabidhi kwa programu inayojiendesha. Mzigo wa kwanza ni mkubwa, na kukiwa na hitilafu unataka uwe umekaa mbele yake.

```
sudo apt update
apt list --upgradable
sudo apt upgrade
sudo reboot
```

Anza na kompyuta moja. Ikiwaka salama, printa ikachapisha, intaneti ikafunguka, ndipo uende kwa nyingine. Ukikutana na ujumbe kuwa baadhi ya pakeji (vifurushi vya programu) zimezuiwa au zimeahirishwa, usilazimishe. Ubuntu huyatoa baadhi ya masasisho kwa awamu, na zamu ya mashine yako itafika.

Fanya kazi hii asubuhi. Kuanzia Novemba hadi Aprili huku kwetu mvua za mchana zinakuja na radi, na umeme ukikatika apt ikiwa katikati ya kuandika, utahitaji sehemu ya matengenezo iliyo chini.

## Hatua ya 5: Weka unattended-upgrades

Mara nyingi Ubuntu inakuja nayo. Kuhakikisha:

```
sudo apt install unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades
```

Swali likija, chagua ndiyo. Kisha soma faili iliyotengenezwa:

```
cat /etc/apt/apt.conf.d/20auto-upgrades
```

Iwe na mistari hii miwili:

```
APT::Periodic::Update-Package-Lists "1";
APT::Periodic::Unattended-Upgrade "1";
```

Namba 1 ina maana kila siku. Ukikuta 0, kazi hiyo imezimwa. Nimekuta 0 mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa sababu mtu fulani alizima masasisho siku bando lilipoisha, kisha akasahau.

Mipangilio yako usiiandike ndani ya faili ya `50unattended-upgrades`. Ni mali ya pakeji, na siku pakeji yenyewe ikisasishwa utaulizwa ni nakala ipi ibaki. Tengeneza yako, ambayo husomwa baada ya ile:

```
sudo nano /etc/apt/apt.conf.d/52masasisho-yetu
```

Kwa kompyuta mama, inayokesha:

```
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot "true";
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot-WithUsers "false";
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot-Time "02:00";
Unattended-Upgrade::Remove-Unused-Kernel-Packages "true";
```

Kwa watoto wanaozimwa jioni, mistari mitatu ya juu haina kazi. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, itaanza kutumika zitakapowashwa kesho yake. Weka ule wa mwisho tu, ili kerneli za zamani zisijaze diski.

Kwa kawaida programu hii inaweka viraka vya usalama na haigusi programu ulizoleta kutoka hazina za nje. Hizo utazisasisha kwa mkono.

## Hatua ya 6: Saa ya kompyuta si saa yetu

Hapa naomba usome polepole.

Dada wa steshenari ya Kabwe alinipigia asubuhi moja: "Kaka fundi, kompyuta zimejizima zenyewe zote na wateja wamejaa, wanafunzi wanajaza fomu za mkopo." Nilipofungua mipangilio nikakuta `"08:00"`. Kijana aliyeweka alikusudia saa nane usiku, watu wamelala. Lakini kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo 08:00 kwake ni saa mbili asubuhi, duka limefunguliwa na foleni iko mlangoni. Na kwa kuwa hakuweka mstari wa `WithUsers "false"`, haikujali kuna mtu anaandika.

Zishike hizi:

- Saa sita usiku ni 00:00
- Saa nane usiku ni 02:00
- Saa mbili asubuhi ni 08:00
- Saa saba mchana ni 13:00
- Saa kumi na mbili jioni ni 18:00

Sasa ratiba yenyewe. Ubuntu hupanga usakinishaji karibu na 06:00. Kompyuta ikiwa imezimwa muda huo, kazi inaanza mara ikiwashwa, yaani kipindi cha kwanza darasani, wakati wanafunzi 40 wanasubiri. Pale Uyole tuliihamishia saa ya chakula. Kwenye kila mtoto:

```
sudo systemctl edit apt-daily.timer
```

Andika:

```
[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=*-*-* 12:30
RandomizedDelaySec=10m
```

Kisha `sudo systemctl edit apt-daily-upgrade.timer`, maneno yaleyale ila 13:00. Ya kwanza inashusha, ya pili inasakinisha.

Mstari mtupu wa `OnCalendar=` unafuta ratiba ya zamani. Ukiuacha, utakuwa na ratiba mbili na utashangaa kwa nini kompyuta bado inakwama asubuhi.

Ukifanikiwa, amri hii itakuonyesha 12:30 na 13:00 zikiwa na dakika chache za ziada:

```
systemctl list-timers 'apt-daily*'
```

Siku kompyuta haikuwashwa mchana, bado kazi itajaribu kufanyika itakapowashwa. Waambie wanafunzi kwamba ikiandika inamalizia masasisho wakati wa kuzima, wasiishikilie kitufe cha umeme.

## Hatua ya 7: Jaribu, usiamini

Fanya jaribio lisilobadilisha kitu:

```
sudo unattended-upgrade --dry-run --debug
```

Mwishoni tafuta mstari wa `Packages that will be upgraded`, au ule unaosema hakuna pakeji ya kusasisha. Yote mawili ni mema. Kukiwa na kosa la sintaksia, rudi uangalie nukta-mkato na alama za nukuu.

Kesho yake, baada ya saa saba mchana, soma daftari:

```
sudo tail -n 30 /var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades.log
```

Ukiona tarehe ya leo, imefanya kazi. Ukiona `All upgrades installed`, kuna viraka vilivyoingia. Orodha ya kilichobadilika pakeji kwa pakeji iko `/var/log/apt/history.log`.

Daftari likisema mashine iko kwenye `metered connection`, umempata mchawi wa ofisi nyingi ndogo. Ukitumia intaneti ya simu, Ubuntu hutambua kuwa ni ya kulipia kwa kipimo, na unattended-upgrades inasimama. Haipigi kelele, inaandika humo na kulala. Ofisi inayoishi kwa simu mwaka mzima haitasasishwa hata siku moja. Ukikubali gharama, ongeza kwenye faili yako ya 52:

```
Unattended-Upgrade::Skip-Updates-On-Metered-Connections "false";
```

Kompyuta mpakato nayo haisasishwi ikiwa kwenye betri. Hiyo iache hivyohivyo.

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa Ijumaa

Kuzunguka kompyuta 12 ni kuchosha, na kinachochosha huachwa. Kwenye kila mtoto weka `openssh-server`, inayokuwezesha kuiendesha mashine kwa amri ukiwa kwenye mama, kisha kwenye mama:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id fundi@192.168.1.21
```

Rudia ya pili kwa kila anwani, ukibadilisha `fundi` kwa jina la akaunti yako. Andika anwani zote kwenye faili `mashine.txt`, moja kila mstari. Kila Ijumaa:

```
for k in $(cat mashine.txt); do
  echo "== $k"
  ssh fundi@$k 'apt-get -s upgrade | grep -c ^Inst; ls /var/run/reboot-required 2>/dev/null; df -h / | tail -1'
done
```

Namba ya kwanza ni pakeji zinazosubiri. Si lazima iwe 0, kwa sababu masasisho yasiyo ya usalama hayawekwi yenyewe. Ila ikipanda wiki hadi wiki, endesha `sudo apt upgrade` kwenye mashine hiyo. Jina la faili `reboot-required` likitokea, inataka kuwashwa upya. Mstari wa mwisho ni nafasi ya diski. Ikizidi asilimia 90, fanya `sudo apt autoremove` na `sudo apt clean`.

## Pakeji usiyotaka iguswe

Kama kuna kitu kinachofanya kazi na huwezi kukihatarisha, kwa mfano kiendeshi cha printa ya HP siku za mitihani, kifunge:

```
sudo apt-mark hold hplip
apt-mark showhold
```

Andika tarehe ya kukifungua kwenye kalenda ya ofisini, kisha siku ikifika tumia `unhold`. Pakeji iliyofungwa haipati kiraka chochote.

## Yakiharibika

Umeme umekatika katikati. Washa, usiguse kingine, endesha hizi kwa mpangilio huu:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Ya kwanza inamalizia kilichoachwa nusu, ya pili inajaza mapengo. Mara nyingi zinatosha.

"Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Maana yake kuna apt nyingine inafanya kazi, pengine unattended-upgrades yenyewe. Subiri. Ushauri wa kufuta faili ya lock (kufuli) umeshaharibu mashine nyingi, kwani unaruhusu programu mbili kuandika sehemu moja kwa wakati mmoja. Ikizidi nusu saa, angalia kwa `ps aux | grep -E 'apt|dpkg|unattended'` ujue ni nani ameishika.

Bando bado linaisha. Tazama Firefox. Kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04 Firefox ya kawaida ni snap, aina nyingine ya pakeji isiyotumia apt, na snap haipiti kwa mama. Kila kompyuta inaishusha yenyewe. Ipangie muda ambao mashine zimewashwa na bando ni nafuu:

```
sudo snap set system refresh.timer=12:00-14:00
snap refresh --time
```

Diski ya mama inajaa. Pima kwa `sudo du -sh /var/cache/apt-cacher-ng`. Programu hufuta faili zilizopitwa na wakati yenyewe, ila zikigoma, ingia ukurasa ule wa takwimu ubonyeze kitufe cha usafi.

Mama amekufa kabisa. Kwenye kila mtoto futa faili ya 00proxy, na siku hiyohiyo watarudi kushusha moja kwa moja kutoka intaneti:

```
sudo rm /etc/apt/apt.conf.d/00proxy
sudo apt update
```